Kijiti cha Kupimia Oili

Askari walimchukua kaka yangu Sulait siku ya Jumatatu, mikono yake ikiwa bado na grisi. Walikuja na lori kutoka Mbale mpaka gereji yetu hapa Jinja, wakauliza ni nani aliyetengeneza gari la Afande Kirunda. Mimi nilikuwa chini ya pikapu, nimelala juu ya gunia, nikaona viatu vyao tu. Nilimsikia Sulait akisema, "Ni mimi. Kazi yote nilifanya mimi." Kisha miguu yake ikaondoka katikati ya vile viatu, na kandambili yake moja ikabaki mlangoni.

Sikutoka chini ya pikapu mpaka mlio wa lori ulipokwisha.

Kesho yake dereva wa lori la samaki alimletea mama habari kamili. Vita vya Teso vilikuwa bado vinaendelea mwaka ule. Gari la afande lilikuwa likienda Kumi, na baada ya kinamasi, mahali njia inapoanza kupanda, injini ililia kwa nguvu lakini gari halikwenda. Waasi walikuwa kwenye majani. Afande alitoka na jeraha la mkono tu, lakini dereva wake, Yekosofati, alipigwa risasi mguuni. Siku sita kabla ya hapo gari hilo lilikuwa kwetu likifanyiwa sevisi. Kwa hiyo walisema Sulait aliliharibu makusudi, kwamba alitumwa. Ijumaa angepelekwa kwenye mahakama ya kijeshi. Mtaani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

"Utakwenda wewe," mama aliniambia. Miguu yake ilikuwa imevimba, asingefika hata stendi.

"Nikaseme nini, mama?"

"Mpelekee kaka yako chakula. Halafu mtafute Ouma, yule makanika Mkenya wa Namatala, kule Mbale. Alikula kwenye nyumba hii miezi mitatu. Mwambie nimekutuma."

Mama alijua ananituma kwenye jambo gani. Mimi si mtu wa kusema. Niliacha shule darasa la tano, mwaka ule wanajeshi waliposhindwa Kampala wakapita Jinja wakikimbilia mashariki, na tangu hapo kazi yangu imekuwa gereji. Wateja wengine walidhani huyu msichana ni bubu. Sulait alizungumza na watu, mimi nilizungumza na magari kwa mikono. Yeye alishika injini na breki, mimi nilishika oili zote na mambo ya chini. Baba yetu, Mzee Zubairi, alitugawia kazi hivyo kabla hajafariki, na hatukubadilisha.

Baba alituachia sheria mbili. Ya kwanza: usiwashe gari la mtu ili ulitazame tu. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, na kuna mwaka haikuuzwa kabisa. Gari likija, zima, acha lipoe, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia uone oili imefika wapi. Ya pili: kilichotoka kwenye gari la mtu ni mali yake. Hata nati iliyokwisha meno, mrudishie. Miaka ile fundi aliweza kufa kwa ajili ya nati.

Gari la Afande Kirunda lilikuwa la kwanza la namna yake kufika kwetu. Halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe ndani, dereva anakanyaga tu. Nilimwaga oili ya injini nikaweka mpya, kisha nikachomoa kijiti cha gia boksi. Oili yake ilikuwa nyekundu kama juisi, na ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili. Nilijua oili ikizidi hupasua sili, zile raba zinazozuia isivuje. Nikalala chini, nikaipunguza mpaka ikakaa sawasawa na alama. Nakumbuka nilifurahi. Nilijiambia, fundi aliyelishika kabla yetu hakuwa makini.

Hayo niliyakumbuka ndani ya basi la kwenda Mbale, lakini kama kumbukumbu ya kazi nzuri. Nilikuwa nikitafuta kosa la Sulait, nikipitia breki, mikanda, plagi, kila alichogusa, na sikuliona.

Ouma nilimkuta Namatala siku hiyo ya Jumatano, amekaa kwenye tairi, anakula mhogo. Kwa jina kamili ni Nicanor Ouma, mtu wa Kisumu, mrefu, ana jino moja la mbele lililokatika. Alinitazama muda.

"Wewe si ndiye yule aliyekuwa anajificha nyuma ya mama yake?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Bado unajificha, na mama mwenyewe hayupo." Alifuta mikono. "Najua kilichokuleta. Wameniita tayari. Kesho asubuhi nikalitazame hilo gari. Afande anataka mtu ambaye si wa jeshi na si wa hapa. Anasema Mkenya hana upande."

"Hutaogopa?" nilimuuliza.

"Wakinipiga risasi, ubalozi wangu utaandika barua." Alifikiri kidogo. "Barua fupi."

Nililala kwa mama mdogo kule Nkoma, na asubuhi ya Alhamisi nikaenda na Ouma mpaka kambi ya jeshi alikofungwa Sulait, nimebeba kikapu. Ndani kulikuwa na wali, na chini yake, ndani ya gazeti, kandambili ya Sulait. Askari wa lango alifunua chakula.

"Hii ni ya mfungwa ama ya mlinzi?"

"Ya mfungwa," Ouma alisema. "Ya mlinzi inakuja akiacha kuchokonoa ya mwenzake."

Askari alicheka, akachota kwa vidole hata hivyo. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu?"

"Huyu ananishikia spana."

Ndivyo nilivyoingia.

Gari lilikuwa uani, limevutwa kwa lori kutoka Kumi. Ubavu wa kushoto ulikuwa na matundu manane. Niliyahesabu bila kutaka. Kwenye kiti cha dereva walikuwa wameweka gunia, na sikuuliza chini ya gunia kuna nini.

Ouma aliketi juu ya gunia hilo, akawasha injini. Aliniambia niingie upande wa pili. Alikanyaga breki, akaweka gia ya kwenda mbele, akangoja.

"Sikiliza," alisema. "Gari lililo zima hushtuka kidogo hapa, kama mtu aliyeguswa bega."

Hili halikushtuka. Tulihesabu mpaka nne ndipo likashika, na lilishika kwa uvivu. Alilizungusha uani mara kumi hivi, polepole, ili lipate moto. Mwanzoni lilikwenda. Lilipopata moto, alilielekeza kwenye mwinuko mdogo karibu na jiko la askari, akakanyaga mafuta. Injini ililia juu, ikalia zaidi, na sisi tukabaki palepale kama tumefungwa kamba. Aliachia, tukarudi nyuma.

Huo ndio ulikuwa mlio ambao Yekosofati aliusikia.

"Inateleza," Ouma alisema. "Injini iko sawa, nguvu iko. Haifiki kwenye magurudumu. Sasa swali ni kwa nini. Inawezekana sahani za ndani ya gia boksi zimeisha kwa uzee. Inawezekana kichujio kimeziba. Inawezekana waya wa gia umelegea. Lakini kabla ya kufungua tumbo la mtu, kwanza muulize kama amekula."

Alilipeleka gari kwenye sakafu ya saruji karibu na bendera, mahali palipo sawa. Alifunua boneti. Injini ilikuwa inaunguruma, na mimi nilingoja aizime. Hakuizima. Alichomoa kijiti hivyo hivyo, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena, akakitazama juani.

Kijiti kilikuwa kikavu. Nchani tu palikuwa na povu la rangi ya chai.

Alinusa. "Imeanza kuungua." Alilala chini akachungulia kwa muda mrefu, akapitisha vidole kwenye sili, kwenye bomba, kwenye sufuria ya chini. Alipotoka vidole vyake vilikuwa na vumbi tu. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu.

"Zimepungua lita mbili hivi. Na hakuna inapovujia. Hii oili imetolewa na mtu."

"Kwa nini hukuzima gari ulipopima?" nilimuuliza.

"Hizi hupimwa zikiwa zinawaka, dada, na zina moto. Ikizimwa, oili iliyoko juu inashuka yote chini, inajaza sufuria yake. Utadhani imezidi." Alikuwa akikunja tambara. Halafu aliacha kulikunja, akanitazama usoni, na nadhani hapo alielewa, kwa sababu alisema, "Aa."

Niliegemea gari. Bati lilikuwa la moto na sikuondoa mkono.

"Sulait anajua?" aliuliza.

Nilikumbuka kwamba aliniona nimebeba oili ile. Nilimwambia imezidi, nimepunguza. Alisema vizuri.

"Anajua nilipunguza," nilisema.

Ouma alitazama kule ofisini. "Naweza kusema sahani zimeisha kwa uzee. Wasipofungua, hawatajua. Wakifungua, mimi nitakuwa nimeshavuka mpaka pale Malaba."

Afande Kirunda alikuwa anakuja tayari, na nyuma yake askari watatu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kawaida, na mkono wake wa kulia umefungwa bendeji.

"Zima hii gari," alisema kabla hajafika. "Mnachoma petroli ya serikali bure."

Ouma alizima. Afande alimtaka aeleze, na Ouma alieleza kuteleza kwa gia kwa maneno mengi, mengi kuliko aliyonipa mimi. Nilijua anavuta muda. Mwisho afande alimkatiza.

"Maneno yako mingi, bwana. Sema, gari ilikosa nini?"

"Oili ya gia boksi ni kidogo, afande."

"Nani amesema ni kidogo?" Afande alisogea mwenyewe kwenye boneti. Alichomoa kijiti kwa mkono wa kushoto, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, akakichomoa. Alikishika karibu na macho. Kisha akamwonyesha Ouma, na sauti yake ilishuka. "Hii ni nini? Imejaa. Inafika kwenye alama kabisa. Unanidanganya mimi, Mkenya?"

"Naomba niwashe, afande."

"Washa."

Ouma aliwasha, akapitisha gia zote moja moja, akarudi. Alichomoa kijiti mbele yao. Kikavu. Askari mmoja alisogeza kichwa kutazama, kama anayetazama kiinimacho. Afande alikichukua, akakirudisha mwenyewe, akakichomoa mwenyewe. Kikavu.

Halafu akauliza lile nililojua atauliza.

"Imevuja?"

Ouma alikunja tambara lake.

"Nakuuliza. Imevuja?"

"Haijavuja, afande."

"Basi mtu aliitoa. Kama nilivyosema mimi tangu mwanzo." Aligeuka kwa askari. "Mleteni yule fundi."

Walimleta Sulait kutoka kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa na kandambili moja. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunga. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana, na nilielewa: usiseme.

"Nimeitoa mimi," nilisema.

Haikusikika. Askari waliendelea kumtazama Sulait. Ouma pekee ndiye aliyegeuka.

"Huyu dada anasema kitu, afande," alisema.

"Anasema nini?"

"Nimeitoa mimi," nilisema tena, na safari hii ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Oili zote ni kazi yangu. Nilipima gari likiwa limezimwa, kama ulivyopima wewe sasa hivi, afande. Nikaona imezidi. Nikapunguza."

Askari mmoja alicheka. "Huyu? Huyu hata kushika spana hajui."

"Anadanganya," Sulait alisema haraka. "Ananionea huruma. Ni mimi, afande. Kazi yote nilifanya mimi."

Afande alitutazama kwa zamu. "Kila mtu anataka kufa leo." Alimwendea Sulait. "Ukaiweka wapi hiyo oili?"

"Niliimwaga. Kwenye mtaro."

Alinijia mimi. "Na wewe?"

"Sikuimwaga. Kwetu hatumwagi. Kilichotoka kwenye gari la mtu ni mali yake. Iko ndani ya buti ya gari lako, afande. Chini ya tairi la akiba. Niliitia kwenye kidumu nikakizungushia gunia, kisigonge."

Halafu afande mwenyewe alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti. Alitoa jeki, akatoa sanduku la risasi lililo tupu, akainua tairi. Alitoka na kidumu changu, kimefungwa gunia kama mtoto. Risasi mbili zilikuwa zimepita kwenye tairi. Kidumu hakikuguswa. Alikifungua, akainamisha, na oili nyekundu ikadondoka kwenye saruji.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Siku ile. Ilikuwa hapa nyuma yetu."

Aliliweka lile neno "hapa" mara mbili kama mtu anayepanga matofali. Kisha akaketi kwenye ukingo wa buti na kidumu magotini.

"Yekosofati alipima asubuhi ile," alisema, na sikujua anamwambia nani. "Kabla hatujatoka. Nilikuwa nimesimama pale. Alinionyesha kijiti. Akasema, imejaa, afande. Mimi ndiye niliyemwambia asiwashe kwanza, petroli ni ya kwenda na kurudi."

Ouma alichukua kidumu kutoka mikononi mwake kwa adabu. Aliichuja oili kwa kitambaa, akairudisha kwenye gia boksi kidogo kidogo, injini ikiwaka, akipima, akiongeza, mpaka kijiti kikasema sawa. Aliweka gia. Gari lilishtuka, kama mtu aliyeguswa bega. Lilipanda mwinuko wa jikoni bila kulalamika.

"Gia ya juu bado itateleza kidogo," alimwambia afande. "Iliungua siku ile. Lakini mtu hakuharibu hii gari kwa nia mbaya. Mwenye nia mbaya angekuficha ile oili. Huyu alikufungia vizuri, akakurudishia."

Afande alifuta mikono yake kwenye suruali. Kisha akanyanyuka.

"Mguu wa Yekosofati umekatwa," aliniambia. "Chini ya goti. Utakwenda hospitali sasa na askari huyu. Utamwambia Yekosofati haya yote kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa Mkenya. Askari akirudi kuniambia umesema, kaka yako atatoka. Ukinyamaza, kesho ni Ijumaa."

Njia nzima ya hospitali nilipanga maneno, na yote yalinitoroka mlangoni mwa wodi. Yekosofati alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, mweusi, amejifunika shuka mpaka kifuani. Pale ambapo mguu wa kushoto ulipaswa kuinua shuka, shuka lilikuwa limelala. Chini ya kitanda viatu vyake vya jeshi vilikuwa viwili, vimepangwa sawa.

"Huyu ni nani?" alimuuliza askari.

Askari alinisogeza mbele. Alinitazama mimi.

Yekosofati alikuwa Msoga, nilisikia kwenye ulimi wake, nikaweza kumwambia kwa lugha ya nyumbani. Nilianza na gereji ya baba. Nikamwambia alama, vidole viwili, kidumu, tairi la akiba. Sikuomba radhi mapema, niliogopa nikiomba mapema nitalia na nisimalize. Askari hakuelewa Kisoga, akanitaka niseme tena kwa Kiswahili. Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa Yekosofati alijua kila neno linalofuata.

Alitazama dari.

"Likiwa linawaka," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Na lina moto."

"Nimeendesha gari hilo mwaka mmoja. Kila asubuhi nilipima limezimwa. Kila asubuhi nilikuta imezidi, nikasema, aliyeijaza alikuwa mtu mkarimu." Alifunga macho. "Asubuhi ile nikaikuta iko sawa. Nikafurahi."

Mimi pia nilikuwa nimefurahi.

"Sasa linakwenda?"

"Linakwenda. Gia ya juu inateleza kidogo."

"Mwambieni dereva mpya." Alitazama tena dari, mpaka askari akaanza kusogeza miguu. "Wewe, usirudi kunitazama hapa. Sitaki kukuona na vyakula. Lakini kabla hujaenda nifungulie hilo dirisha. Manesi wanalifunga na mimi siwezi kulifikia."

Komeo lilikuwa na kutu. Nilichukua tambara langu lenye grisi, nikalipaka, nikalisukuma mara tatu ndipo likafunguka. Alipogeuza uso upande wa upepo, nilitoka.

Sulait walimtoa saa kumi. Nilimpa kandambili langoni, akaivaa akiwa ameshika bega langu. Wali niliouacha langoni ulikuwa umekwisha, mlinzi alikuwa ameula. Tulitembea mpaka stendi, na mara mbili alisimama kupumua.

"Nilikwambia usiseme," alisema tulipofika.

"Nilikuona."

Kwenye stendi kulikuwa na gari dogo la mtu, lisilo na klachi, linawaka bila dereva, boneti iko wazi. Kijana mmoja aliyetaka kupima oili ya gia boksi alinyoosha mkono dirishani kuzima. Nilimwambia aache. Alinitazama, akamtazama Sulait, kana kwamba Sulait ndiye aliyesema.